Pointi 6, Sekunde 35

Duke, timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu cha Marekani, ilikuwa mbele ya Houston 67–61. Zilibaki sekunde 35 nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vya huko imalizike ndani ya Alamodome, San Antonio, na huku kwetu Afrika Mashariki kulikuwa kunakucha, saa kumi na mbili hivi asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Aprili 2025. Kilichofuata nimekitazama tena na tena tangu siku ile, na kila nikikitazama kinaniuma upya.

Emanuel Sharp wa Houston akatia mtupo wa pointi tatu: 67–64. Duke wakajaribu kurusha mpira ndani kutoka chini ya kikapu chao, Mylik Wilson akaupora. Wilson akapiga wa pointi tatu, akakosa, lakini Joseph Tugler alikuwa tayari hewani, akaudaka na kuupigilia ndani: 67–66. Tyrese Proctor wa Duke akaenda mstarini kwa mtupo huru, akakosa. Katika kugombea ribaundi, yaani mpira uliorudi baada ya mtupo huo kukosa, mwenzake Cooper Flagg akapulizwa faulo ya kumpanda J'Wan Roberts wa Houston mgongoni. Roberts akatia mitupo miwili, Houston mbele 68–67. Flagg akapewa mpira wa mwisho, akaingia ndani, akageuka, akaruka juu ya Roberts, na mpira ukawa mfupi. L.J. Cryer akafunga kazi kwa mitupo huru miwili. 70–67.

Pointi tisa kwa sifuri. Timu iliyokuwa imeshinda michezo 35 na kupoteza mitatu tu, timu yenye Flagg, kijana ambaye dunia nzima ilijua atachukuliwa wa kwanza NBA, ikarudi Durham, North Carolina, ikiwa imetoa fainali kwa mikono yake.

Sasa, mashabiki wa Duke tumekasirika kwa mwaka huo na kwa miaka mingine mingi, na hasira yetu nyingi imekuwa ikielekezwa mahali pabaya. Tunamtaja Proctor na ule mtupo, tunamtaja refa na ile filimbi ya Flagg, tunahesabu sekunde 35 kama vile mchezo ulianzia hapo. Haukuanzia hapo. Mchezo ule ulianza kupotea dakika kumi kabla, Duke ikiwa bado inaongoza kwa raha, na waliokuwa na uwezo wa kuuokoa walikuwa wameketi kwenye benchi wamevaa nguo za heshima. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na nitalisema kwa urefu.

Nieleze kwanza kwa nini mtu wa Nairobi anaamka saa tisa za usiku kwa ajili ya chuo kikuu cha Marekani ambacho hakuwahi kukanyaga ua wake. Sababu ya kwanza inaitwa Luol Deng. Alizaliwa Wau, Sudan Kusini ya leo, vita ikawakimbiza, familia ikapita Misri, ikatua London, na kutoka huko kijana akafika Duke akachezea msimu mmoja, 2003–04. Sisi wapenzi wa kikapu wa ukanda huu tulimfuata hadi Chicago Bulls, na tulimfuata tena alipochukua uongozi wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini na kuliinua kutoka pasipo na kitu hadi Olimpiki ya Paris 2024. Sababu ya pili inaitwa Khaman Maluach. Huyu alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akalelewa Kawempe, Kampala, na alianza kugusa mpira wa kikapu mwaka 2019. Msomaji, hesabu mwenyewe. Mwaka 2019 hajui kikapu, 2024 yuko kwenye kikosi cha Olimpiki akiwa na miaka 17, na 2025 anaanza nusu fainali ya vyuo Marekani akiwa na futi 7 na inchi 2. Amepita akademia ya NBA pale Saly, Senegal, na mwaka 2024 amechezea City Oilers ya Kampala kwenye ligi ya Afrika. Sisi tunaofundisha watoto kikapu kwenye viwanja vya saruji vilivyopasuka tunamwona Maluach na tunaamini kazi yetu ina maana.

Kwa hiyo hii Duke ilikuwa yetu pia.

Turudi kwenye mchezo. Zikiwa zimebaki dakika nane hivi, Duke iliongoza 59–45. Pointi 14 dhidi ya Houston si mchezo, maana Houston ya kocha Kelvin Sampson ni timu inayokaba kama hakuna kesho, na kuipita kwa 14 maana yake umecheza kikapu cha hali ya juu. Na kweli Duke walikuwa wamecheza. Mpira ulizunguka, Kon Knueppel alikata ndani, Flagg alipasi na kufunga, kila mtu alikuwa anagusa. Kisha wakaacha.

Katika dakika kumi na nusu za mwisho Duke walitia kikapu kimoja tu cha mpira wa kawaida. Kimoja, mtupo wa pointi tatu wa Flagg zikiwa zimebaki dakika tatu hivi, ulioifanya 64–55 na kutudanganya sote kwamba mambo yamekwisha. Pointi nyingine zote za kipindi hicho zilitoka kwenye mstari wa mitupo huru. Hata ile ya mwishomwisho iliyowapeleka mbele kidogo zaidi ilitokana na kosa la Houston wenyewe: Tugler alinyoosha mkono akaugusa mpira ukiwa bado mikononi mwa mrushaji nje ya mstari, akapewa faulo ya kiufundi, Knueppel akatia. Houston waliwapa Duke zawadi katika dakika mbili za mwisho, na bado Duke walishindwa.

Nilichoona katika dakika hizo kumi ni timu iliyobadilisha kazi. Kazi yao ilikuwa kufunga, ikawa kulinda. Mpira unaletwa polepole, unashikwa katikati ya uwanja huku saa ikiliwa, na zikibaki sekunde nane au kumi kwenye saa ya mtupo anatafutwa Flagg afanye muujiza. Wenzake wanne wanasimama wanatazama. Sheria za kikapu cha wanaume vyuoni Marekani zinashawishi mchezo huu: wana sekunde 30 kwa kila shambulizi, sisi wa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tuna 24. Sekunde sita hizo zinaonekana ndogo, lakini kocha anayeongoza huziona kama fedha ya bure. Akila sekunde 25 mara nne, dakika karibu mbili zimepotea. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi. Uwanjani inakuwa hivi: unampa mkabaji bora nchini muda wa kujipanga, unamnyima mchezaji wako nafasi ya kukimbia, na unaishia na mtupo mgumu wa mtu mmoja mwenye mikono miwili usoni. Kisha Houston wanachukua ribaundi na wao hawali saa.

Na hapa ndipo ninapomtafuta Maluach. Kijana huyu msimu mzima alitia zaidi ya asilimia 70 ya mitupo yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa moja na aliifanya vizuri: anaweka kizuizi, anajiviringisha kuelekea kikapuni, mpira unatupwa juu anapofika yeye peke yake, dunki. Mkabaji gani mwingine ana futi 7 na inchi 2 na mikono ile? Katika dakika kumi na nusu za mwisho hakuna dunki. Haiwezekani iwepo, kikapu pekee kilikuwa ule wa Flagg kutoka mbali. Kijana mmoja ninayemfundisha, wa kidato cha tatu, aliniuliza Jumamosi iliyofuata, "Kocha, si wangempigia Maluach juu tu?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwambia ndiyo, wangempigia.

Sitamsafisha Maluach zaidi ya haki yake. Alimaliza mchezo ule bila ribaundi hata moja, na kwa mtu wa urefu wake hilo ni jambo zito. Roberts na Tugler walimsukuma, wakamwekea mgongo, wakamtoa chini ya kikapu kwa nguvu za miguu, jambo ambalo mtu wa miaka 18 aliyeanza kucheza miaka sita nyuma bado analijifunza. Roberts alikuwa mtu mzima, amekaa chuoni miaka mingi. Lakini kama unajua mchezaji wako mrefu anazidiwa kwenye ribaundi za kukaba, dawa yake ni kumtumia upande wa pili, umfanye adui aogope, alazimike kurudi mbio badala ya kubaki kugombea. Duke walifanya kinyume. Walimwacha abebe mzigo wa kukaba bila kumpa raha ya kufunga.

Na kuna jambo ambalo wengi Marekani walilipita haraka, mimi siwezi kulipita. Siku ileile ya nusu fainali, Jumamosi tarehe 5 Aprili kwa saa zao, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani Marco Rubio alitangaza kwamba viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini zinafutwa, na kwamba hakuna mpya zitakazotolewa. Kijana wa miaka 18, peke yake ng'ambo, anaingia kwenye mchezo mkubwa kuliko yote maishani mwake na nchi anamochezea imetangaza kwamba watu wa pasipoti kama yake hawatakiwi. Sisemi ndiyo sababu ya kukosa ribaundi. Ninasema wale waliomtukana usiku ule wangeweka kwanza hilo mbele yao. Rafiki yangu wa Kampala aliniandikia asubuhi ile ujumbe mfupi: "Ndugu yangu, mtoto wetu wamemchosha kabla hajaruka." Ninamwelewa.

Tuje kwenye zile sekunde 35 zenyewe, maana hata hapo kuna mambo ya kocha kabla hayajawa ya mchezaji. Kwenye FIBA, na hata NBA, timu ikiomba taimauti dakika za mwisho inaweza kuuhamisha mpira hadi upande wa mbele na kuurushia pale. Kwenye vyuo vya wanaume hakuna ruhusa hiyo. Ukifungwa, lazima uutoe mpira chini ya kikapu chako, uvuke uwanja mzima, na wakabaji watano wanakusubiri. Kila mtu anayefuatilia kikapu cha vyuo anajua Houston watakaba uwanja mzima ukiwa mbele kwa pointi tatu. Hilo si la kushtukiza. Unaandaa michezo mitatu ya kurushia: mmoja wa kawaida, mmoja wa kuepa, na mmoja wa kutupa mbali kwa mtu wako mrefu kuliko wote. Sion James, mtu wa kutegemewa sana msimu mzima, alitafuta wa kumpa, nafasi ikawa nyembamba, mpira ukachukuliwa. Ukitazama tena, usimtazame James. Watazame wale wanne walio ndani wanavyojipanga, jinsi wanavyokimbilia mahali pamoja, kana kwamba hakuna aliyewaambia nani aende wapi.

Proctor na mtupo wake. Pale alikuwa kwenye mtupo wa moja kwa masharti, yaani ukitia wa kwanza unapewa wa pili, ukikosa mpira uko hai na unagombewa. Ni sheria ya vyuo vya wanaume inayoanza na faulo ya saba ya timu, na ni katili kuliko yetu ya FIBA ambapo unapewa miwili yako bila masharti. Kukosa ule wa kwanza kunamaanisha umekosa miwili na umempa adui nafasi. Kila mpigaji hukosa. Ninachouliza ni kwa nini Duke ilifika kwenye pointi moja ikitegemea mtupo mmoja wa kijana mmoja, wakati dakika nane nyuma ilikuwa na kumi na nne za ziada.

Na mpira wa mwisho. Flagg mwenyewe alieleza baada ya mchezo kwamba ndio mpango aliochora kocha, na kwamba ni mtupo ambao yuko radhi kuishi nao. Ninamheshimu kwa kusema hivyo. Alikuwa amefunga pointi 27 na hakumtupia mtu lawama. Lakini mpango wenyewe ulikuwa nini? Mpe Flagg, wengine tawanyikeni. Baada ya dakika kumi za mpango huohuo kushindwa, benchi likauomba taimauti na kuuchora tena.

Hakuna aliyepaswa kushangaa. Duke ile ilipoteza michezo minne msimu mzima: 77–72 kwa Kentucky pale Atlanta mwezi Novemba, 75–72 kwa Kansas pale Las Vegas, 77–71 kwa Clemson mwezi Februari, na huu wa Houston. Jumlisha tofauti zote nne, ni pointi 17. Timu ambayo kwa kawaida ilikuwa ikishinda kwa wastani wa pointi 20 hivi haikuwahi kupigwa na mtu. Ilipotea mwishoni, kila mara mwishoni. Kwa Kentucky ilikuwa mbele kwa tisa mapumziko, ikafika sare ya 72, kisha Flagg akapokonywa mpira. Kwa Clemson Flagg aliteleza na mpira mkononi katika sekunde za mwisho. Kwa Kansas jambo lilikuwa la ajabu zaidi: mchezaji wao wa katikati, Hunter Dickinson, alitolewa nje katikati ya kipindi cha pili kwa kumpiga teke Maliq Brown, na Kansas bila nguzo yao wakamaliza mchezo vizuri kuliko Duke iliyokamilika.

Lakini onyo lililonikera zaidi ni lile lililoishia kwa ushindi. Machi 14, nusu fainali ya ubingwa wa ligi ya ukanda wao, ACC, Duke dhidi ya North Carolina, majirani na mahasimu wa miaka yote. Flagg hakucheza, kifundo cha mguu kilikuwa kimeumia. Duke ikaongoza kwa pointi 24. Ishirini na nne! North Carolina wakarudi mmojammoja hadi wakapata mtupo huru wa kusawazisha sekunde chache kabla ya mwisho, mtupo ukaingia, na refa akaufuta kwa sababu mchezaji wao mwingine aliingia kwenye eneo kabla ya wakati. Duke ikashinda 74–71. Watu wakacheka, wakaonyesha picha za ule mguu uliotangulia, wakasherehekea. Mimi nilikaa nikiwaza kwamba timu imeponea kwa mguu wa mtu mwingine, na zimebaki wiki tatu kufika San Antonio.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msimu mzima Duke ilisifiwa kwa takwimu zake za ubora, ikalinganishwa na timu bora za historia, na sifa hizo zilitokana zaidi na kuwapiga wanyonge. Ligi yao mwaka ule ilikuwa dhaifu kuliko tulivyoizoea, timu nne tu za ACC ndizo zilizoingia kwenye mashindano ya Machi ya ubingwa wa vyuo. Duke ilishinda 19 kati ya 20 kwenye ligi hiyo, na mingi ilikuwa imeisha kabla ya mapumziko. Wachezaji wa akiba wanaingia, mashabiki wanaimba, hakuna anayejifunza kumaliza. Vijana watatu wa mwaka wa kwanza walioanza mchezo ule wa Houston walikuwa na vipaji vya kutisha na saa chache mno za kucheza wakiwa wamebanwa. Hili halikuwa kosa lao. Kocha ndiye anayeona kalenda, ndiye anayejua mechi ngumu hazitakuja zenyewe, na ndiye anayepaswa kuzitengeneza mazoezini. Weka saa dakika nne, weka matokeo timu ya kwanza mbele kwa sita, waambie akiba wakabe uwanja mzima, piga filimbi vibaya kwa makusudi. Rudia kila siku hadi wachoke. Sisi tunafanya hivyo na watoto ambao mpira wao mmoja umeshaisha vinundu. Sijui ndani ya ukumbi wa mazoezi wa Durham kulifanyika nini. Ninajua kilichoonekana uwanjani.

Jon Scheyer wa Duke si kocha mbaya, na nitakuwa mtu wa ajabu nikisema hivyo. Alichukua kiti cha Mike Krzyzewski, mtu wa mataji matano, mwaka 2022, na ndani ya miaka mitatu alikuwa nusu fainali. Kama mchezaji alikuwa uwanjani mwaka 2010 Duke ilipoifunga Butler 61–59 kwenye fainali, siku ambayo mpira wa Gordon Hayward kutoka katikati ya uwanja uligonga ringi ukatoka. Anajua mwisho wa mchezo ulivyo. Ndiyo maana ninamdai zaidi.

Na tatizo hili halikuanza naye. Hili ndilo linalotufanya mashabiki wa siku nyingi tuwe na uchungu unaorithiwa. Mwaka 2022, mchezo wa mwisho kabisa wa Krzyzewski, nusu fainali New Orleans dhidi ya North Carolina, Mark Williams alikosa mitupo huru miwili chini ya dakika moja ya mwisho, Caleb Love akatia wa pointi tatu, 81–77. Mwaka 2019, Zion Williamson na RJ Barrett, timu iliyotazamwa na dunia, ikatolewa na Michigan State 68–67. Barrett alikosa mtupo wa kwanza alipohitaji kuutia, kisha akatia wa pili alipohitaji kuukosa ili wenzake wagombee ribaundi.

Ila unaoniuma kuliko yote ni wa 2004. Tarehe 3 Aprili 2004, nusu fainali, Duke dhidi ya Connecticut. Ukumbi? Alamodome, San Antonio. Uleule. Zikiwa zimebaki dakika tatu na kidogo Duke ilikuwa mbele 75–67. Connecticut wakafunga pointi 12 mfululizo, Emeka Okafor akiongoza baada ya kukaa benchi karibu kipindi chote cha kwanza kwa faulo. Chris Duhon akatia wa pointi tatu mwishoni kabisa, lakini ulikuwa wa kuhesabu tu, 79–78, mchezo umekwenda. Wachezaji wa ndani wa Duke walikuwa wametolewa kwa faulo mmoja baada ya mwingine. Na kati ya waliokuwa na jezi ya Duke siku ile alikuwemo kijana wa miaka 18 kutoka Sudan Kusini, Luol Deng, msimu wake wa kwanza na wa mwisho chuoni.

Miaka 21 baadaye, chini ya paa lilelile, hatua ileile, kijana mwingine wa miaka 18 wa Sudan Kusini, aliyeitwa timu ya taifa na shirikisho linaloongozwa na huyohuyo Deng. Nilipogundua hilo sikuweza kufanya kazi yoyote siku nzima.

Kuna watakaoniambia kupoteza ni sehemu ya mchezo, kwa hiyo nitulie. Najua kupoteza. Julai 2024, pale London, Sudan Kusini ilicheza mchezo wa kirafiki na Marekani ya LeBron James na Stephen Curry. Mapumziko ilikuwa 58–42, Sudan Kusini mbele kwa 16, na nchi nzima ya Afrika ya Mashariki, kama ingekuwa nchi moja, ilikuwa imesimama. Marekani wakarudi, wakapita. Zikiwa zimebaki sekunde 20 JT Thor akatia wa pointi tatu, Sudan Kusini mbele tena 100–99. Kisha LeBron akapita hadi chini ya kikapu na sekunde nane zimebaki, 101–100, imekwisha. Nayo ilikuwa uongozi mkubwa uliopotea. Lakini nendeni mkatazame dakika zile za mwisho. Carlik Jones anaendelea kusukuma mpira, wenzake wanaendelea kukimbia kwenye pembe, wanaendelea kupiga mitupo ileile waliyoipiga kipindi cha kwanza. Walifungwa na mtu bora zaidi duniani akiwa katika ubora wake, wakiwa wanacheza mchezo wao. Asubuhi yake nilitembea kifua mbele. Kocha Royal Ivey hakuwaambia wakae juu ya pointi 16 zao.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka mashabiki wenzangu waione, na ndiyo maana sikubali hadithi ya bahati mbaya. Duke walicheza dakika 30 za kikapu kizuri kuliko chochote Houston walichokuwa nacho, kisha kwa hiari yao wakaanza kucheza kitu kingine.

Houston nao wakapata yao siku mbili baadaye. Fainali dhidi ya Florida waliongoza kwa 12 kipindi cha pili, wakapoteza 65–63. Mpira wa mwisho, Sharp huyohuyo aliyetuua sisi aliruka kupiga, Walter Clayton Jr. akamfikia, Sharp akauachia mpira udunde chini bila kuweza kuugusa tena, na saa ikaisha bila hata mtupo. Baadhi ya mashabiki wa Duke walifurahi. Mimi sikufurahi hata kidogo. Nilimwona Sampson akiwa amesimama pembeni, mzee aliyefundisha maisha yake yote, na vijana wake wamepotezwa na ugonjwa uleule uliowapa fainali.

Mwezi Juni 2025 Maluach aliitwa jina la kumi kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, akaishia Phoenix Suns, akiwa na machozi yasiyojificha. Flagg alikuwa wa kwanza, Knueppel wa nne. Proctor naye alichukuliwa, wa 49, Cleveland. Wale vijana wameondoka na wana maisha yao, nami nawaombea mema wote, Proctor kwanza. Kiti cha Durham bado anakalia mtu yuleyule, na ndiye ninayesubiri kumwona. Safari nyingine Duke ikiwa mbele kwa pointi sita na dakika tano zimebaki, sitaangalia matokeo. Nitaangalia mpira unavuka mstari wa kati kwa mwendo gani, na wale wanne wasio na mpira wanafanya nini.